Uliniuliza Kama Nimewaambia

Kwako Mama Leah,

Barua za zamani tulizianza kwa kuulizana hali, na mimi nilikuwa bingwa wa hizo. Darasa la saba tu, lakini unajua mwenyewe mlima wote wa Igogo walikuwa wanakuja kwangu niwaandikie barua za kwenda kwao, kabla kila mtu hajawa na simu, maana mwandiko wangu umelala kama nywele zilizochanwa. Leo kalamu ninayo na sijui niulize nini. Hali yako naijua, nilikuona ukishushwa kaburini. Yangu si nzuri.

Ngoja nianze na habari utakayoifurahia. Doto wetu amekuwa baba, amepata mtoto wa kike. Amempa jina lako, Sabina, na hakuniuliza. Mtoto ana wiki tano sasa na mimi bibi yake sijamwona. Pacha wake, Kulwa, ndiye aliyenionyesha picha kwenye simu yake, amelala kafumba ngumi. Paji la uso ni langu, hilo hata adui yangu atakubali.

Juzi Doto mwenyewe akanipigia. Hakuwa amenipigia tangu tulipokuzika, miezi saba. Akasema, "Shikamoo mama. Njoo Jumapili umwone mjukuu wako." Jumapili ni kesho. Mtu mwingine angeimba. Mimi nilikata simu nikakaa kwenye sakafu ya jikoni, mgongo kwenye debe la maji, kwa sababu najua ni kwa nini amepiga, na hiyo sababu ni ya uongo. Wa kuusahihisha ni mimi peke yangu. Wewe mwenyewe ulikufa huujui ukweli wake. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, kabla ya kwenda huko.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilijifungua mapacha, nikawa mwanamke wa kuangaliwa mlima mzima, napita kifua mbele, Mama Kulwa huyo, kazaa wawili kwa mpigo. Wiki ya pili homa ikanipiga, maziwa yakakatika. Kulwa alikuwa mkubwa, akakubali uji mwepesi. Doto akakataa kila kitu, akawa anasinyaa kama embe lililosahaulika juani. Wewe ulikuwa umehamia chumba cha jirani, Mjita mgeni, Leah wako ana mwezi mmoja. Hatukuwa tumezoeana hata kuombana chumvi. Ukaingia bila hodi, ukamtoa Doto kwenye mikono ya mama yangu, ukakaa kwenye kigoda, ukamnyonyesha. Mama yangu akashtuka, akasema mtoto wa watu haonjeshwi ovyo. Ukamjibu, "Bibi, huyu haonji, huyu anakula." Miezi minne ukamnyonyesha huku na Leah kule. Ndiyo maana leo ana mabega yale. Fundi wa kuchomelea, mageti yake yako mpaka kwa wakubwa, na kila nikiyasifia mabega yale kwa watu nilikuwa nasema ni damu ya kwetu. Ulikuwa unanisikia, unacheka, unaniacha niendelee.

Basi tukazeeka pamoja, ukafiwa na mume ukamzika kwenye shamba lenu Kisesa, na tukaingia wote kwenye kikundi cha kuzikana. Mimi nikapewa vyombo. Masufuria yale makubwa, miiko, mikeka, turubai, vyote kwenye stoo yangu, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Usiniambie sikuvitunza. Hakuna kikundi kilichokuwa na masufuria yanayong'aa kama yetu. Watu wa Mabatini walikuwa wakija kuazima wanadhani ni mapya.

Siku tunaandika katiba Mama Shija, mwenyekiti, alitaka tuandike kwamba mwanachama awe na nidhamu. Nikasema nidhamu ni ya watoto wa shule, andikeni awe mwaminifu. Nikalisema kwa kulivuta. Ukaninong'oneza, "Mama Kulwa akiona neno kubwa lazima alivae kama kitenge." Lakini liliandikwa, na chini yake sheria: atakayekosa misiba mitatu mfululizo bila kuleta taarifa yeye mwenyewe amejitoa, na akifikwa na msiba hakuna mwanachama wa kumpikia, kumchotea maji wala kumtandikia mkeka. Tulipiga makofi wote. Na wewe ulipiga.

Sasa nakuja kwenye kile kidonda.

Uliponionyesha lile titi nilitaka kukimbia, nakwambia kweli. Uliniambia, "Wasijue. Wakijua watakuja kunitazama, halafu watatoka nje waseme mtu amenirushia uchawi." Nikaapa. Na hapo, Mama Leah, nilikuwa mtu. Naomba unikumbuke kwa hilo kama unakumbuka chochote. Asubuhi na jioni nilikuja na maji ya chumvi ya vuguvugu, nikakuosha, nikafunga kwa kanga zangu zilizochakaa, nikazichoma nyuma ya jiwe lile kubwa ili harufu isifike njiani. Hospitali walisema tumechelewa, tukarudi nyumbani, njiani wewe ukanunua mahindi ya kuchoma tukala kana kwamba tunatoka sokoni. Leah alikuwa kwa mume wake Geita, ulikataa aambiwe mapema. Doto ukamwambia ni vidonda vya tumbo. Mimi tu ndiye niliyejua.

Misiba ikaja, na wewe huwezi kutoka. Wa kwanza wakauliza uko wapi, nikasema umekwenda Majita, kuna mgonjwa kwenu. Sikuhitaji kusema hivyo. Ningesema tu sijui. Lakini unanijua, nikianza kueleza jambo siwezi kuliacha bila nyama. Nikaongeza mgonjwa ni shangazi yako, nikaongeza amevunjika nyonga, nikaongeza nilikusindikiza stendi mwenyewe. Wakaniamini wote. Msiba wa pili nikasema shangazi bado. Wa tatu, mama mmoja akasema alikuona dirishani. Nikamcheka mbele ya watu, nikamwambia macho yake yanahitaji miwani kabla ya mdomo wake. Wakacheka na wao. Na yule mama alikuwa amekuona kweli.

Mitatu ikawa imetimia na taarifa yako mwenyewe hawana, ila maneno yangu, wakaitisha mkutano juu yako.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Jioni ya kuamkia mkutano ulinishika mkono nikiwa nafunga kidonda. Ukasema, "Mama Kulwa, sasa waambie. Nimechoka kujificha. Nisije nikazikwa kama mbwa." Nikasema nitawaambia. Nilikuwa nimekusudia, wallahi, kama wanavyosema majirani zetu Waislamu, nilikuwa nimekusudia kabisa.

Kesho yake nimekaa pale, nimevaa kile kitenge cha kijani. Mama Shija akauliza, "Mama Kulwa, wewe ndiye mtu wake. Mwenzetu yuko wapi?" Wote wakanigeukia. Yule wa dirishani alikuwa mbele yangu kabisa, ananitazama bila hasira, anasubiri tu. Nikaona nikifungua mdomo, kwanza itabidi niseme kwamba hakuna shangazi, hakuna nyonga, hakuna stendi. Mimi, ambaye kila mtu anasema Mama Kulwa hana neno la uongo. Na tena siku ile ile yalikuwa yanapendekezwa majina ya makamu mwenyekiti, na langu lilikuwa la kwanza.

Nikasema, "Sina la kuongeza."

Wakakufuta. Mama Shija akakutoa kwenye grupu letu la simu palepale, akaandika humo kwamba umefutwa, simu zetu zote zikalia mara moja kwenye mapaja. Mimi na yangu.

Jioni nikaja na maji ya chumvi. Ukaniuliza kama nimewaambia.

Nikasema nimewaambia. Nikasema wamesikia, lakini wamesema sheria ni sheria.

Sabina. Hawakusikia. Sikuwaambia. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanawake aliyekukataa akijua unaumwa. Mama Shija angebeba godoro lake aje alale kwako siku ile ile, namjua, na wewe ulimjua, ndiyo maana uliponisikia ulishangaa kidogo, ukasema, "Hata Mama Shija?" Nikasema hata Mama Shija. Ukageukia ukutani. Ukasema, "Basi. Na wao wana sheria yao."

Uliishi siku kumi na tisa baada ya hapo, na zote uliziishi ukidhani wenzako wamekuona unaoza wakakupa mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa ninakuosha. Nakuosha na mikono ile ile huku nimekujaza uongo ule. Siku mbili tatu sikuja kabisa, nikamtuma mtoto wa jirani alete maji mlangoni, nikasema kiuno kinaniuma. Kiuno hakikuwa kinaniuma.

Ulipokata roho Leah alikuwa ameshafika, na wanakikundi wakadhani ni tumbo tu lililokuzidia uliporudi kutoka Majita. Akaja kwangu macho yamevimba, akapiga magoti kama ulivyomfundisha, "Shikamoo mama mkubwa. Tunaomba yale masufuria." Nikamwambia mwanangu, ufunguo si wangu, ni wa kikundi. Alikuwa anauona pale kwenye pindo la kanga. Akaniitikia, "Haya, mama," akaondoka. Doto ndiye aliyezunguka mlimani kuomba sufuria ndogo ndogo nyumba kwa nyumba, akapika wali mwenyewe, mwanaume, shati limevuliwa, ukaungua chini, watu wakala hivyo hivyo.

Na mimi nilikuja msibani. Unajua nilikaa wapi? Kwenye kiti. Wanawake wenye msiba wako chini kwenye mkeka wa Leah, miguu imenyooshwa, na mimi uliyeninyonyeshea mtoto nimekaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wageni na watu wa serikali ya mtaa, maana mwanachama haruhusiwi kukaa mkeka wa aliyefutwa. Doto alinipita na ndoo ya maji mara tatu. Mara ya nne akasimama, akasema kwa adabu zote, "Mama, nikuletee soda?" Soda analetewa mgeni. Hakunitukana, sikumlea hivyo. Kule Kisesa alinyoa nywele pamoja na Leah, kipara kabisa, kama mtoto aliyefiwa na mama. Watu wakanitazama mimi niliye hai. Kisha akarudi kwake Nyakato na hakukanyaga tena kwangu.

Nilikonda, mwenzangu. Ile sketi yangu ya kanisani ninaifunga kwa pini. Mwezi wa tatu baada ya wewe kuondoka nikashindwa, nikasimama kwenye mkutano nikasema, "Mimi nilijua kwamba Mama Leah anaumwa. Titi. Nilijua tangu mwanzo, aliniapisha nisiseme." Nilikuwa nakwenda kuendelea. Nakuapia nilikuwa na sentensi ya pili mdomoni. Nilitaka kusema kwamba baadaye uliniruhusu. Mama Shija akaanza kulia. Halafu akasema, "Mnamwona huyu? Amekubali kusemwa vibaya, amekubali mwanawe amkimbie, lakini siri ya mwenzake hakuitoa. Huyu ndiye mwaminifu." Wakapiga makofi. Yule wa dirishani akaja kunikumbatia, akaniomba msamaha kwa kukusema kwamba alikuona.

Na mimi nikakaa chini.

Nitakwambia ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza. Makofi ni matamu. Miezi mitatu hakuna aliyenisifu, na mimi bila sifa ni kama jiko bila mkaa. Nikakaa nayo hayo makofi, nikarudi nayo nyumbani, nikayasikia wakati nasonga ugali. Wakanipa na uenyekiti, Mama Shija alisema amechoka.

Tangu hapo neno lile linanifuata. Nasikia mchungaji akimwambia bibi harusi neno hilo. Mwenye duka amebandika karatasi anatafuta binti wa kazi mwaminifu, maana yake asiyeiba. Wale wa kuomba kura wanataka wananchi waaminifu, maana yake wasiouliza. Jirani anamsifia mbwa wake kwamba ni mwaminifu, na yule mbwa amefungwa mnyororo. Nimeona anayekupa jina hilo ni yule uliyebaki upande wake. Uliyemwacha hakuna anayekwenda kumuuliza. Wewe ungeulizwa, ungesema nini? Labda ungenitetea. Hilo ndilo linaloniua, kwamba ungenitetea, hukujua kitu.

Niliwaza kuacha kwenda misibani, nikose mitatu, wanifute na mimi, nizikwe kwa wali ulioungua. Nikaona ujinga. Ingekuwa kuwaacha wafiwa watatu wasio na kosa ili mimi nijione nimelipa. Bado nakwenda. Napika, nachota maji, nakaa mkekani. Kila mkeka ninaokaa nakaa kama mwizi.

Sasa Doto. Mama mkwe wake ni rafiki wa Mama Shija, habari zikamfikia. Juzi baada ya kusema njoo umwone mjukuu, akaongeza, "Mama, nimeambiwa. Kumbe Mama Leah ndiye aliyekufunga mdomo. Nilikuhukumu bure. Nisamehe." Mtoto wangu ananiomba msamaha. Nikasema, "Yameisha, baba." Ndivyo nilivyosema. Yameisha.

Tangu juzi najibishana na nafsi yangu. Inaniambia: nyamaza, bibi, nenda ukambebe mtoto. Marehemu hawezi kudai. Kijana amepata amani, utamvunja kwa nini mara ya pili? Kwani kusema kutamfufua nani? Ina maneno mazuri sana nafsi yangu, ilisoma na mimi. Na inajua kitu kimoja cha kweli: nikisema, Doto hatanipigia tena. Ya masufuria aliyasamehe, ni sheria. Hili la kukudanganya wewe kitandani si la sheria yoyote. Nitakuwa na mjukuu Nyakato na nitamjua kwa picha za kwenye simu ya Kulwa, akiota meno, akisimama, akienda shule.

Lakini nikinyamaza nitambeba Sabina, na kila nikimwita jina nitakuwa nakuongopea tena usoni.

Nilikuja Kisesa mwezi uliopita. Leah ameweka saruji vizuri, magugu hakuna. Nilisimama pale nikataka kukuambia haya kwa mdomo, ikashindikana, walikuwepo watoto wanachunga mbuzi na mimi nikajikuta nawaeleza kwamba mwanangu Kulwa ni mwalimu wa hisabati katika shule yao ya sekondari. Nikarudi nyumbani. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye karatasi hakuna wa kumtambia.

Sikuombi unisamehe, ungeharakisha kunisamehe na mimi ningeenda kutangaza. Nakuaga kwa namna nisiyoijua, kwa sababu siku yako sikukuaga, nilikuwa kwenye kiti. Lala, Sabina binti wa Majita. Jua hili, kama huko wanajulishwa mambo: hawakukukataa. Walipojua, walilia wote, Mama Shija alilia mpaka akashikwa. Aliyekukataa alikuwa mmoja, na ulikuwa unamwachia mlango wazi kila asubuhi.

Na ahadi yangu ni hii. Kesho nikifika kwa Doto watanipa maji ya kunawa ili nimpokee mtoto. Sitanawa. Nitamwambia Doto akae, nitamwambia uliniruhusu kusema na nilichokujibu jioni ile, sentensi ya pili mpaka mwisho, bila kuweka nyama. Kisha nitanyoosha mikono hii iliyokuosha, hivyo hivyo ilivyo, nione kama atamweka humo.

Ni mimi,
Mama Kulwa